Moto na Joto katika Chumba cha Kuchorea kwa Akriliki: Mwongozo Kamili kwa Wachoraji wa Arusha na Moshi

Wachoraji wengi wa Arusha tulihamia akriliki kwa sababu zinazoeleweka: inachanganywa kwa maji, brashi zake zinasafishwa kwa maji, na haina ile harufu ya tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi za mafuta, inayobaki kwenye nguo hadi usiku. Kwa mtu aliyelelewa kwenye rangi za enameli, zile ambazo Edward Saidi Tingatinga alianza kuzitumia Dar es Salaam mwaka 1968 na ambazo wanafunzi wa mtindo wake wanazitumia hadi leo, kushika kopo la rangi isiyoshika moto ni ahueni kubwa. Tatizo ni kwamba ahueni hiyo imetufanya tulegee. Kwa miaka yote niliyofanya kazi katika chumba cha bati pembezoni mwa mji, sijaona rangi mbichi ya akriliki ikianzisha moto. Nilichoona ni jiko la mkaa, waya wa eksitensheni na chupa ya tina vikikaribia kuuanzisha, na kila mara kilichovisogeza karibu na kazi ni haraka ya kutaka rangi ikauke.

Haraka hiyo ina msimu wake. Watalii huongezeka kuanzia Juni, na hiyo ndiyo miezi ambayo Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, inapata baridi, mawingu na manyunyu. Oda zinakuja kwa wingi wakati ambapo rangi inakauka polepole kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mwenzetu wa Moshi, aliye chini zaidi, ana shida ya upande wa pili: Januari na Februari chumba chake cha bati kinakuwa kama tanuri, na picha alizozipanga vizuri zinanatana zenyewe kwa zenyewe. Mwongozo huu unawahusu wote wawili.

Kabla ya hatua zote: fahamu kinachowaka na kisichowaka

Akriliki iliyo kwenye kopo ni maji yaliyobeba chembe ndogo mno za plastiki, pamoja na unga wa rangi na dawa chache za kuizuia isioze na isitoe povu. Ikiwa mbichi haiwaki, kwa sababu moto utalazimika kwanza kuyafukuza maji yote. Lakini kukauka kwa rangi hii maana yake ni kuondoka kwa maji hayo hayo yaliyokuwa yakikulinda: yanapopaa, chembe za plastiki hukaribiana, hushikana na kuwa ngozi moja, na ngozi hiyo ni jamaa ya karibu ya yale mabamba ya plastiki angavu yanayotumika kwenye mabango ya maduka. Plastiki hiyo hulainika kwa joto, na joto likizidi huwaka.

Siku moja nilibandua ganda la rangi lililokauka kwenye sahani ya kuchanganyia, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, nikakishika kwa koleo juu ya ndoo ya mchanga, nje, upepo ukiwa mgongoni, nikakisogezea njiti ya kiberiti. Hakikulipuka wala hakikuwaka papo hapo. Kwanza kilijikunja pembeni, kikalegea kama nta, kisha kikashika moto mdogo wa njano, na tone jeusi likaning'inia likidondoka mchangani huku bado linawaka. Moshi wake ulikuwa mchache, lakini ulitosha kuwasha koo. Sikushauri ulifanye jaribio hilo ndani ya nyumba hata kidogo. Nalieleza ili upate picha ya kile kinachoweza kutokea kwenye kanvasi ya mita moja, ambayo ni kitambaa cha pamba, kilichokazwa juu ya mbao kavu, kikapakwa tabaka kadhaa za plastiki.

Kuna viwango vitatu vya joto ambavyo mchoraji anapaswa kuvikumbuka. Chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi hivi, chembe za plastiki hazishikani vizuri, na rangi inaweza kukauka ikiwa dhaifu, yenye nyufa au inayotoka unga. Kwenye joto la gari lililofungwa juani, ngozi ya rangi inalainika na kunata. Ikipita nyuzi 200 hivi, plastiki yenyewe inaanza kuvunjika na kutoa mvuke unaowasha macho na koo, na kama rangi ina kadimiamu, iliyomo katika baadhi ya rangi nyekundu, za chungwa na za njano, kuichoma kunaweza kukupa moshi wenye sumu. Kwa sababu hiyo vipande vya kanvasi, ncha za fremu zilizopakwa rangi na makaratasi ya majaribio visitumike kamwe kuwashia jiko la nyumbani, ingawa mama wa nyumba akiviona vimekauka vizuri hivyo ataviona kuwa kuni za bure. Mweleze mapema, kwa heshima, na umwonyeshe pa kuvitupa.

Hatua ya kwanza: panga chumba kabla ya kufungua kopo

Anza na mlango. Vyumba vyetu vingi ni fremu za maduka au vyumba vya uani vyenye mlango mmoja na dirisha la nondo, na nondo zinazomzuia mwizi kuingia ndizo zitakazokuzuia wewe kutoka. Simama katikati ya chumba ujiulize: moto ukianzia hapo mlangoni, nitapita wapi? Kama jibu halipo, zungumza na mwenye nyumba kuhusu kuweka dirisha moja lenye nondo za kufunguka kwa bawaba, linalofungwa kwa komeo la ndani lisilohitaji kutafuta ufunguo gizani. Wakati mnasubiri, hakikisha kitu chochote kinachoweza kuanzisha moto, ikiwemo soketi yenye kazi nyingi, kinakaa upande wa ndani wa chumba, na njia yako ya kutokea inabaki upande wa mlango.

Kisha angalia mahali unapoegemeza picha. Mazoea ni kuzipanga nyuma ya mlango au kando yake kwa sababu ndipo penye ukuta mtupu, na matokeo yake ni kwamba mzigo mkubwa kuliko yote unaoweza kuwaka umewekwa kwenye njia pekee ya kutokea. Zihamishe. Acha nafasi ya mita moja au zaidi kati ya picha na kitu chochote chenye joto, na usitundike kanvasi juu ya jiko, pasi au kichemshio cha maji hata kama ni kwa dakika tano.

Weka pia ndoo ya mchanga mkavu, ndoo ya maji, na kama mfuko unaruhusu, mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu. Mtungi ukae karibu na mlango, si nyuma ya meza, maana ukiwa ndani ya moto haukusaidii. Angalia mshale wake kila mwezi: ukitoka kwenye rangi ya kijani, mpelekee fundi anayejaza mitungi.

Hatua ya pili: tenganisha maji na tina

Hapa ndipo wachoraji wa kwetu tunapojidanganya zaidi. Tunasema tunatumia akriliki, lakini chumbani kuna enameli ya kumalizia michirizi, kuna vanishi ya fremu, kuna tina ya kusafishia brashi za vanishi hiyo, na pengine kuna chupa ya petroli iliyobaki kwenye pikipiki. Akriliki haikubadilisha chochote katika hatari ya vitu hivyo.

Kila kimiminika cha aina hiyo kina kiwango cha joto ambacho mvuke wake unaweza kuwaka ukikutana na cheche. Petroli ina kiwango cha karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake kwetu ni kwamba iko tayari kuwaka saa zote, hata alfajiri ya Julai. Asetoni ni nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, na tina nyingi za rangi za magari zina vitu vya jamii hiyo. Tapentaini inaanzia nyuzi 35 hivi, kiwango ambacho chumba cha bati cha Moshi kinaweza kukifikia saa nane mchana. Mvuke wa vitu hivi ni mzito kuliko hewa: hautoki dirishani upesi, bali hushuka na kutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, hadi ukute jiko la jirani aliyeko mlango wa pili, kisha moto unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye chupa yako.

Kwa hiyo weka vimiminika hivyo nje ya chumba cha kuchorea, katika kisanduku cha chuma chenye kifuniko, kivulini, mbali na jiko na mtungi wa gesi. Chukua kiasi cha kutumia siku hiyo tu, katika chombo chenye kizibo kinachokaza, na ukiandike. Usiweke tina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mbali na moto, kuna mtoto atakayeiona na kiu yake. Na usijaribu kulainisha akriliki kwa petroli, tina au mafuta ya taa. Haitachanganyika, itaganda mabonge, na utakuwa umeigeuza rangi salama kuwa ya hatari bila kupata faida yoyote.

Vitambaa vya kufutia navyo vinahitaji kutofautishwa. Kitambaa chenye akriliki kinakauka na kuwa kigumu, basi. Hakijipatishi joto chenyewe. Kitambaa chenye mafuta ya kitani, ambayo mafundi wengine hupaka kwenye fremu za mninga, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka huungana na hewa na kutoa joto, na kikikunjwa kwenye pipa la taka joto hilo hujikusanya hadi kitambaa kikawaka chenyewe, bila kiberiti na bila mtu kuwepo. Kitandaze nje kimoja kimoja hadi kiwe kigumu, au kiloweke kwenye kopo la maji lenye kifuniko cha chuma.

Hatua ya tatu: kausha kwa hewa, si kwa moto

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulikuwa watu watatu katika chumba chenye upana wa hatua nne, tukimalizia picha za duka moja la zawadi. Baridi ilikuwa kali, kwa hiyo tuliingiza jiko la mkaa, tukaziba dirisha kwa kiroba, tukalipanga jiko katikati na picha kulizunguka. Baada ya saa moja na nusu hivi, kijana aliyekuwa akijifunza kwangu akaniambia, "Kaka, kichwa kinanigonga." Nikamjibu kuwa ni harufu ya rangi, atazoea. Muda mfupi baadaye mkono wake ulianza kupitisha brashi nje ya mstari, naye hakuwa akiona kwamba anakosea. Nilipomshika bega ili atoke nje, miguu yake ilikuwa imelegea, na mimi mwenyewe nilipofika mlangoni nilitapika.

Haikuwa rangi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi ndizo dalili zake, na usingizi huo ndio unaoua. Kosa lilikuwa langu, na naliandika hapa kwa sababu kila mwaka naona majiko yakiingizwa ndani kwa namna ile ile. Mtu akiona dalili hizo, kila mmoja atoke nje mara moja, jiko litolewe na mtu anayejiweza bila kukaa ndani, na aliyelegea apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu kwa hewa safi.

Pamoja na hatari hiyo, jiko halikuwa hata likikausha vizuri. Majivu laini yaliruka na kutua kwenye rangi mbichi, na anga la buluu nililolipaka juu ya Mlima Meru likawa na vidoa vya kijivu ambavyo sikuweza kuvitoa. Picha zilizokuwa karibu na jiko zilikauka juu huku chini zikiwa mbichi, maana joto kali hufunga ngozi ya juu haraka na kuyafungia maji ndani. Baadaye maji hayo yakitafuta njia, rangi hufura vilengelenge au kupasuka.

Akriliki inahitaji hewa inayotembea kuliko inavyohitaji joto kali. Weka feni ndogo upande mmoja wa chumba, ielekee ukutani au pembeni mwa picha na si usoni mwa rangi moja kwa moja, kisha fungua dirisha kiasi upande wa pili ili hewa yenye unyevu ipate pa kutokea. Feni ya wati 50 inatumia umeme mdogo sana ukilinganisha na kikausha nywele, na unaweza kuiacha ifanye kazi saa nzima huku wewe ukiendelea na picha nyingine. Paka tabaka nyembamba: tabaka jembamba katika hewa kavu hukauka kwa mguso ndani ya nusu saa hivi, wakati tabaka nene lililopakwa kwa kisu cha rangi linaweza kuchukua siku nyingi kukauka hadi ndani, na hakuna moto utakaolifupishia safari hiyo bila kuliharibu.

Panga kazi ifuate joto la siku. Asubuhi ya Julai, kabla ya saa nne, kaza kanvasi, chora michoro ya penseli, kata fremu. Rangi ipakwe kuanzia saa nne hadi saa kumi, chumba kikiwa kimepata uvuguvugu, na usiku picha zikae kwenye chumba cha ndani kisicho na ukuta unaotoka jasho. Unapopokea oda katika msimu huo, mwambie mteja siku ya kweli. Mteja anayeambiwa Ijumaa na kupata Ijumaa anarudi. Anayeahidiwa Jumatano ndiye anayekufanya ulete jiko.

Hatua ya nne: ukilazimika kutumia kifaa cha joto

Kikausha nywele, au draya kama tunavyoiita, kinakubalika kwa tabaka jembamba. Kishike umbali wa sentimita 30 hivi, kwenye joto la chini, ukikitembeza muda wote, na weka kiganja cha mkono wa pili karibu na rangi: kama kiganja hakivumilii, rangi pia imezidiwa. Usikilaze juu ya kitambaa kikiwa bado kimewaka, na usizibe tundu lake la nyuma linalovuta hewa, kwa sababu ndipo kinapopata moto hadi plastiki yake inayeyuka.

Bloa ya hewa ya moto, ile inayotumiwa na mafundi simu, ni kitu kingine. Nyingi zinafika nyuzi 300 na kuendelea, na baadhi hupita 500, wakati kitambaa cha pamba kinaanza kubadilika rangi kwa kuungua kikipita nyuzi 200 hivi. Kwa maoni yangu haina kazi kwenye kanvasi.

Kuhusu umeme, fanya hesabu kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 230. Draya ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Ukichomeka na kichemshio cha maji cha wati 2,000 kwenye eksitensheni hiyo hiyo, unapita ampea 17, wakati plagi yake imetengenezwa kwa ampea 13. Fyuzi nzuri itakatika. Lakini kama kuna mtu aliyeiondoa fyuzi na kuweka kipande cha waya, kitakachokatika ni waya wa ukutani, tena kwa moto. Kunjua eksitensheni yote kabla ya kuitumia, kwa maana ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake joto halina pa kwenda. Ishike kila baada ya muda. Ikiwa ya moto mkononi, au soketi imegeuka rangi ya kahawia pembeni, zima na umwite fundi umeme. Na mkono wenye maji ya kusafishia brashi usiguse swichi. Kopo la maji likae sakafuni, soketi ikae juu.

Hatua ya tano: kichomeo cha gesi kwenye rangi ya kumwaga

Vijana wengi sasa wanajifunza mtindo wa kumwaga rangi ya majimaji kwenye ubao na kuitikisa, na video nyingi zinaonyesha mtu akipitisha moto wa gesi juu yake ili vipovu vipasuke. Ushauri wangu ni kuanza bila moto. Koroga rangi taratibu, iache itulie dakika 20 kwenye kopo, mwaga kwa kimo cha chini, kisha toboa vipovu vilivyobaki kwa kijiti cha meno. Kazi nyingi zinamalizikia hapo.

Ukiamua kutumia kichomeo, meza iwe tupu kabisa. Ondoa makaratasi, mifuko ya nailoni, vikombe vya plastiki, chupa ya spiriti na makopo ya kupulizia. Kama umepulizia spiriti juu ya rangi ili kupata madoa, moto usikaribie kazi hiyo, kwa kuwa mvuke wa spiriti huwaka kwa mwali wa buluu ambao mchana hauonekani vizuri, na utagundua kuwa unawaka pale nyusi zako zitakapoungua. Funga nywele, kunja mikono ya shati, vua khanga au shuka la mabegani. Pitisha mwali kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, kwa mkono usiosimama, sekunde chache tu. Rangi ikianza kutoa mvuke mweupe au kuonyesha ngozi inayokunjamana, umeshapitiliza. Zima kwenye kichomeo, kisha funga gesi, kiweke kisimame peke yake hadi kipoe.

Hatua ya sita: pasi kwenye fulana na mikoba

Wanaopaka akriliki kwenye fulana, mikoba na vitambaa vya meza hupiga pasi ili rangi ishike. Subiri siku nzima baada ya kupaka. Geuza nguo, weka kitambaa safi cha pamba kati ya pasi na rangi, tumia joto la kati bila mvuke wa maji, na uitembeze pasi kwa dakika tatu hadi tano kwa kila eneo. Nguo ya poliesta ipunguziwe joto. Pasi ya mkaa ina kasoro ambayo ya umeme haina: ukiitikisa ili mkaa ukolee, cheche zinatoka matunduni. Ichochee nje, uirudishe ndani ikiwa imetulia, na isisimamishwe juu ya meza yenye karatasi.

Jambo linaloendana na hilo ni vitu tusivyopaswa kuvipaka kama vitakaa karibu na moto au joto. Nimeona vinara vya mishumaa, vifuniko vya taa na hata miguu ya majiko ikipambwa kwa akriliki na kuuzwa. Rangi hiyo italainika, itanuka na inaweza kuwaka mikononi mwa mtu aliyekuamini. Kama mteja anataka kinara, mpakie rangi kile cha kuwekea taa ndogo ya betri, na umwambie wazi kuwa kisitumike kwa mshumaa wa moto. Vifuniko vya taa vitumike na balbu za LED, zenye joto dogo, si zile za zamani za waya.

Hatua ya saba: kuhifadhi na kusafirisha kwenye joto

Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupita nyuzi 50 kwa urahisi. Niliwahi kupeleka picha sita Moshi, nikazifunga kwa nailoni zikitazamana, nikaziacha kwenye buti wakati napata chakula cha mchana. Nilipozifungua, twiga wa picha moja alikuwa na mistari ya mikunjo ya nailoni iliyojichapa shingoni mwake kama kovu, na picha mbili zilitoa sauti ya kuchanika nilipozitenganisha. Tangu hapo naweka karatasi ya kuokea, ile isiyonata, kati ya picha na picha, naziviringisha uso ukiwa nje, na zinasafiri mahali ninapokaa mimi.

Makopo ya vanishi ya kupulizia ndiyo yasiyosamehe kabisa. Ndani yake kuna gesi inayowaka chini ya mgandamizo, na maandishi ya kopo yenyewe yanakataza kupita nyuzi 50, kutoboa na kutupa motoni hata likiisha. Yasibaki garini, yasikae chini ya bati, na kupulizia kufanyike nje, mbali na jiko, sigara na mtu anayechomelea vyuma.

Hatua ya nane: jioni, na umeme ukikatika

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mkono wa kwanza uende kwenye swichi za vifaa vyote vya joto. Draya iliyoachwa imewashwa mezani inarudi kufanya kazi saa tano usiku, umeme unaporudi, na wewe umeshalala nyumbani. Mwangaza utoke kwenye taa ya sola au ya kuchaji. Mshumaa na kibatari visiingie chumba chenye kanvasi. Kabla ya kufunga mlango chomoa kila kitu, na majivu ya jiko lililotumika nje yamwagiwe maji, maana kaa lililofunikwa na majivu linabaki na moto hadi asubuhi.

Hatua ya tisa: moto ukitokea

Kwanza watu watoke. Kama moto ni mdogo na mlango uko nyuma yako, unaweza kujaribu. Kanvasi, mbao na akriliki iliyokauka huzimwa kwa maji. Tina, petroli au vanishi isimwagiwe maji kamwe, kwa sababu itaelea na kusambaa ikiwa inawaka. Funika chombo kwa kifuniko cha chuma, au tumia mchanga au poda. Kifaa cha umeme kikatiwe umeme kwanza. Ukitumia mtungi, vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto na si kwenye miali, bana, upeleke kulia na kushoto. Poda haifiki hata dakika moja. Ikiisha na moto upo, ondoka, funga mlango nyuma yako, wala usirudi kuchukua picha.

Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mitaa yetu mingi haina vibao, kwa hiyo usiseme tu jina la mtaa: taja barabara ya lami iliyo karibu, kituo cha daladala, msikiti, kanisa au shule ambayo kila dereva anaijua, kisha mtume mtu akasimame pale barabarani awaongoze. Maelekezo hayo yaandike leo kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, kwa maneno ambayo hata mgeni atayasoma kwenye simu bila kufikiri.

Aliyeungua apoze jeraha kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, barafu isitumike, na pete au saa ivuliwe kabla ya kuvimba. Dawa ya meno, asali, yai na mafuta visipakwe. Rangi iliyoyeyuka ikaganda kwenye ngozi isibanduliwe, kwa kuwa itaondoka na ngozi. Ipoze hapo hapo, funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya chakula bila kukaza, na umpeleke hospitali. Chukua na kopo la rangi au la tina lililohusika, ili daktari asome mwenyewe kilichomo.